Harusi ya Uwanjani Pongwe na Mrima wa Tanga

Pongwe iko kilomita zipatazo 15 magharibi ya Tanga mjini, kando ya barabara iendayo Muheza, na leo ni mojawapo ya kata za Jiji la Tanga. Watu wa mbali huijua kwa mawe ya chokaa na kwa kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1980. Kabla ya saruji palikuwa na mkonge, na kabla ya mkonge palikuwa na minazi, miembe na vijiji vya Wadigo na Wabondei waliolima bara na kuuza pwani. Katika nyakati zote hizo harusi ilifanyika nje. Hapakuwa na nyumba iliyoweza kuwaweka wote ndani, na hata ingekuwepo isingefaa, maana ndoa ya Mrima, yaani ya mwambao huu, ilitakiwa ionwe: na majirani waliokula, na jamaa waliosafiri, na hata wapita njia ambao hawakualikwa lakini walikaribishwa. Uwanja ulikuwa shahidi. Kilichobadilika vizazi kwa vizazi ni nani alibeba kazi ya kuuandaa, na mabadiliko hayo yanafuatilika vizuri tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Nyumba ya Kiswahili yenyewe iligawa harusi kabla ya wazee kukaa kikao cha kwanza. Mbele kuna baraza na kiwanja. Nyuma kuna ua uliozungushiwa makuti. Katikati inapita njia ya ukumbi yenye vyumba huku na huku. Mbele palikuwa pa wanaume: majamvi yalitandikwa, shekhe na wazee wakakaa, na bwana harusi akafika kwa zefe la dufu na kasida. Uani palikuwa pa wanawake: mapishi, vigelegele, ngoma na mashauri yasiyotakiwa kusikika barazani. Ndani ya chumba alikuwa mwari na kungwi wake, ambaye sehemu nyingine huitwa somo, akisingwa kwa liwa na kufundwa. Ndoa ilifungwa mbele, kati ya walii wa binti na bwana harusi, kukiwa na mashahidi, baada ya mtu kutumwa ndani kuuliza ridhaa ya binti. Harusi ilipokuwa kubwa, kiwanja kiliungana na cha jirani, njia ikafungwa kwa siku mbili tatu, na kipande cha ua kati ya nyumba mbili kikaondolewa ili wapishi wapate nafasi. Jirani hakukodishwa wala hakuombwa radhi. Zamu yake ilikuwa inakuja.

Maelezo ya zamani yaliyo bora kuhusu harusi za Mrima ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yaliingia katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo harusi haionekani kama siku moja. Ni mfululizo wa posa, mahari, ada za jamaa, kazi ya kungwi, karamu na fungate, na kila hatua ina mtu anayestahili kupewa chake. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha kuwa Pangani ya miaka ya 1880 karamu ilikuwa pia uwanja wa kugombea heshima: aliyelisha wengi alijulikana kuwa mwenyeji, na mgeni aliyetaka kuhesabiwa kuwa mwungwana alipaswa kualika na kualikwa. Pongwe, iliyo nyuma kidogo ya pwani hiyo, ilikuwa na karamu ndogo zaidi, lakini kanuni ilikuwa ileile. Kupanga harusi kulikuwa kupanga watu kwanza. Mahali palijipanga penyewe.

Kazi ya kwanza inayoonekana ilikuwa banda. Vijana walikata miti ya kusimamisha na fito za kulaza, wakafunga kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha wakaezeka. Si kila kuti lilifaa. Kuti la viungo, ambalo majani yake hukunjwa na kushonwa kwenye upande wa mti, ni la paa la nyumba: linachukua siku nyingi kutengeneza na linadumu miaka. Kwa harusi lilitumika kuti la kumba, yaani tawi zima la mnazi linalosukwa likiwa bado bichi, majani ya upande mmoja yakipishana na ya upande wa pili. Mzoefu husuka kumba moja kwa muda mfupi sana, na kundi la vijana kumi, wengine wakipanda minazi na wengine wakisuka chini, liliweza kufunika kiwanja kwa siku moja. Kumba lina rangi ya kijani siku ya harusi, linapitisha upepo, na linapunguza jua pasipo kulizuia kabisa. Halizuii mvua. Baada ya karamu halikutupwa: lilihamia kwenye ua au jikoni, na miti ikarudi kwa wenyewe. Mkonge ulipoenea, kamba za katani zikachukua nafasi ya kamba za makumbi katika mabanda mengi. Hilo ni badiliko dogo, lakini linaonyesha jinsi shamba kubwa lilivyoingia hata kwenye fundo la harusi.

Kwa kuwa banda halikuzuia mvua, tarehe ndiyo iliyokuwa paa. Hapa wapangaji walikabiliwa na kalenda mbili zisizokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, ambayo katika mwambao wa Tanga hushuka kwa nguvu zaidi Aprili na Mei, kisha upepo wa kusi na ukavu wake, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha kaskazi na joto la Januari na Februari. Ya pili ni ya mwezi mwandamo. Mwezi wa Ramadhani hauna karamu za harusi, kwa hiyo ndoa husongamana Shaabani, kabla ya mfungo, na tena Mfunguo Mosi, baada ya Idd. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko mwaka wa jua, na kwa hiyo Mfunguo Mosi huzunguka majira yote katika miaka kama 33. Idd el Fitri iliangukia Aprili au mwanzoni mwa Mei mwaka 1989, 1990 na 1991, na tena 2022, 2023 na 2024. Katika miaka ya namna hiyo msimu wa harusi unaingia katikati ya masika, na wenye busara husogeza karamu nyuma hadi Shaabani au mbele hadi kusi itulie. Watu wazima waliokumbuka mzunguko uliopita walikuwa na thamani kubwa katika vikao hivyo.

Ndani ya mwezi uliochaguliwa, usiku pia ulichaguliwa. Kabla ya karabai na umeme, ngoma ya usiku ilihitaji mwezi mpevu, na karamu iliyowekwa siku za 13 hadi 15 ilipata mwanga wa kutosha kwa wachezaji, kwa wapishi na kwa akina mama waliorudi vijiji vya jirani na watoto migongoni. Mvua nayo ilikuwa na mambo yake. Kulikuwa na wazee walioaminiwa kuifunga kwa dua au kwa dawa hadi wageni waondoke, na wasichana walionywa tangu udogoni wasile ukoko ndani ya sufuria, wasije wakanyeshewa siku ya harusi yao. Onyo hilo bado linasemwa katika nyumba nyingi za pwani, na linaeleza vizuri kuliko takwimu jinsi mvua ilivyohofiwa na watu wasio na pengine pa kuwakalisha wageni.

Reli ilibadilisha ukubwa wa uwanja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikapita Pongwe na kufika Muheza mwaka 1896. Mwaka uleule wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyosalimika safarini ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea hadi yakazunguka Pongwe, Ngomeni, Muheza na Amboni. Mashamba yalileta watu kutoka kila upande: Wanyamwezi, Wamakonde, Waha, Wabena, Warundi na wengineo walioitwa manamba. Wengi wao walikuwa wanaume waliokuja kwa mkataba bila jamaa. Aliyeamua kubaki na kuoa Pongwe hakuwa na wajomba wa kumpelekea posa wala mashangazi wa kukuna nazi. Alitafuta mshenga mwenyeji, na watu wa kabila lake kambini wakasimama kama ukoo. Malipo pia yalifuata utaratibu wa shamba. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na ujira ulipatikana kadi ikijaa; kwa hiyo mahari na michango vilisubiri kipande kiishe, na tarehe ya harusi ikawa na bwana wa tatu mbali na mvua na mwezi.

Uwanja wa namna hiyo ulisikika tofauti. Katika harusi moja zingeweza kukutana sengenya ya Wadigo, mdumange wa Wasambaa na sindimba ya Wamakonde, kila ngoma na pembe yake ya kiwanja. Juu ya hizo ilikuja beni, ngoma ya magwaride na tarumbeta iliyoenea kutoka miji ya pwani ya Kenya hadi Tanga na kugawanyika katika vyama vilivyoshindana vya Marini na Arinoti. Vyama vya beni vilikuwa na vyeo, sare na hazina, na mwanachama aliyeoa alitarajia wenzake wafike kwa gwaride na mkono wa mchango. Kwa mtu aliyekuja kwa mkataba bila ndugu, hiyo ilikuwa faida kubwa.

Upande wa Muheza palikuwa na harusi za aina nyingine. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa Magila tangu miaka ya 1870, na Wabondei wengi walifunga ndoa kanisani baada ya kutangazwa Jumapili tatu. Lakini ibada ilipokwisha, safari ilielekea kiwanjani, chini ya banda lilelile la makumba, na jirani Mwislamu ndiye aliyeombwa kuchinja ili wote wale. Desturi hiyo ya mchinjaji ilihifadhi umoja wa sinia pale ambapo ibada ziliachana, na inastahili kukumbukwa kwa heshima. Kwaresima, kama Ramadhani, iliondoa wiki nyingine katika kalenda.

Hapana sehemu ya maandalizi iliyohitaji akili kuliko mapishi. Wageni hawakujibu mwaliko, walikuja. Mwenye shughuli alihesabu kwa sinia. Sinia moja ilikaliwa na watu wanne au watano, na kilo moja ya mchele wa pilau ilikadiriwa kutosha watu watano au sita, kwa hiyo gunia la kilo 100 lilikuwa karamu ya watu wapatao mia tano. Siku mbili kabla, wanawake walikaa mikekani uani wakichambua mchele kwenye nyungo, wakitoa chuya na vijiwe kwa vidole, huku wengine wakimenya vitunguu saumu na kutwanga bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Kazi hii haikuhitaji ustadi mkubwa, na ndiyo sababu iliwapa nafasi wote, wakiwemo vikongwe na wasichana wadogo. Aliyekosa kuchambua mchele bila udhuru alikumbukwa, na shughuli yake ilipofika alijua kwa nini mikeka yake ilikuwa na watu wachache.

Ng'ombe alichinjwa alfajiri. Masufuria makubwa yaliwekwa juu ya mafiga ya mawe, upande ambao upepo wa majira ungeuchukua moshi mbali na wageni: wakati wa kusi majiko yalikaa kaskazini ya banda, wakati wa kaskazi yalihamia kusini. Vitunguu vilikaangwa hadi vikawa rangi ya kahawa iliyoiva, viungo vikafuata, kisha nyama iliyochemshwa, viazi na supu, na mwisho mchele. Maji yalipokauka kuni ziliondolewa chini, mfuniko ukafungwa, na makaa yakapangwa juu yake ili pilau ipaliwe. Kutoka hapo mamlaka yalihama kwa mpishi kwenda kwa mpakuaji. Mtu huyu alichaguliwa kwa makini kuliko wote, kwa kuwa alipaswa kujua sinia ngapi zimetoka mbele, ngapi zimekwenda uani, ni ya nani inayostahili nyama ya ziada na ipi ya wagonjwa waliobaki nyumbani, na kuyafanya hayo bila sufuria kuisha kabla ya safu ya mwisho. Karamu nyingi ziliaibika mikononi mwa mpakuaji, na chache sana mikononi mwa mpishi.

Usiku wa wanawake ulibadilika zaidi katikati ya karne ya 20. Siti binti Saad wa Unguja alikuwa amerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na gramafoni ikaleta taarabu kwenye nyumba ambazo hazikuweza kuita waimbaji. Tanga ilipata vyama vyake, na katika miaka ya 1960 Black Star na Lucky Star viliipa taarabu ya mji huo sauti yake kwa gitaa za umeme na mapigo ya kuchezeka, sauti iliyopendwa hadi Mombasa. Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ni miongoni mwa waimbaji waliotokea huko. Taarabu ya harusi ilipigwa mtaani, chini ya mbalamwezi au taa, na wasikilizaji wengi walikuwa wanawake. Mtu alipotaka kusema jambo na shoga, wifi au mke mwenza, aliinuka na noti mkononi, akatembea taratibu hadi kwa mwimbaji, na kumtunza ubeti ulipofika mahali pake. Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga na kuuchapisha mwaka 2002 katika Performing the Nation, ameuchambua utunzaji huo kama mazungumzo ya hadhara. Fedha zile pia zililipa wapigaji, na mwenye harusi akapunguziwa mzigo.

Baada ya uhuru, serikali ilikuja uwanjani. Mashina ya nyumba kumi yaliyoanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960 yalimfanya mjumbe kuwa mtu wa kwanza kupewa habari ya shughuli, na ngoma ya usiku ikahitaji ruhusa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja, ikataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, mashahidi wawili na usajili. Ushahidi ambao zamani ulikuwa wa uwanja mzima sasa ulikuwa na karatasi yake, jambo lililowasaidia sana wanawake walipohitaji kuthibitisha ndoa mahakamani.

Miaka ya uhaba ilikuwa migumu zaidi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, mchele, unga na vinywaji vilipatikana kwa mgao, na familia yenye harusi ilikwenda na barua ya mjumbe kuomba kibali cha bidhaa. Pilau ilipungua, wali wa nazi ukashika nafasi yake, na chai ya harusi ikawa ya mkandaa au mchaichai wenye sukari kidogo. Ujirani ulifanya kazi kuliko wakati wowote: kila nyumba ilileta kibaba chake, na upatu wa wanawake, ambao zamani ulinunua doti za khanga, ukanunua mafuta ya kupikia.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vifaa vya kukodi vilianza kuja. Turubai lilikuwa badiliko kubwa, kwa sababu lilizuia mvua na lilisimamishwa na watu wachache kwa saa chache. Viti vya plastiki vilifuata katika miaka ya 1990, vikainua wageni kutoka majamvini na kuvunja hesabu ya sinia, kwa kuwa mtu aliyeketi kitini anataka sahani yake. Spika kubwa zikachukua nafasi ya ngoma kadhaa kwa mara moja. Kamati ya harusi, yenye mwenyekiti, mweka hazina, kadi za mchango na vikao vya kila wiki, ilienea kutoka mijini, na michango iliyokuwa ya nazi, kuni na mikono ikageuzwa kuwa fedha. Mpishi wa kukodi, mpambaji na mshereheshaji wakapata kazi. Hasara yake ilikuwa kwa maskini: mwenye mikono miwili na bila fedha alikuwa mtu muhimu katika harusi ya makumba, na katika harusi ya kadi akabaki mtazamaji.

Kumbi za mjini Tanga zilivuta baadhi ya karamu za usiku, hasa za waajiriwa. Uwanja wa mtaani nao ulibanwa na viwanja vilivyopimwa na kuzungushiwa kuta za matofali, kwani ukuta hauondolewi kwa siku mbili kama ua wa makuti. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, kazi ya mjumbe ya kutoa ruhusa ilihamia kwa uongozi wa serikali ya mtaa na mtendaji. Malalamiko juu ya mikesha ya vigodoro na ngoma kama baikoko yalifanya masharti ya saa na sauti yakazwe, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilizipa mamlaka nguvu ya kisheria.

Harusi ya Pongwe ya sasa imechukua kutoka kila zama. Ndoa hufungwa msikitini, kanisani au mbele ya nyumba. Turubai hukodiwa, na karibu yake huinuliwa banda dogo la makumba kwa ajili ya wapishi, maana moto na turubai havipatani. Wageni wa mchana hukaa vitini, wazee huomba jamvi na sinia. Wanawake huvaa sare iliyochaguliwa na kamati. Mchele, hata anapokodiwa mpishi, bado huchambuliwa uani na majirani.